Babu Hakuwa Mwingereza

Khuwair ya Kusini,
Maskati.

Mama yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii imekukuta umekaa kwenye mbuzi yako unakuna nazi, maana ndivyo ninavyokuona kila nikifumba macho. Goti lako linaendeleaje? Na Bibi, bado anagombana na paka wa jirani? Mimi mzima kabisa. Nimekonda kidogo kwa sababu ya joto, lakini usianze kunililia, nakula vizuri.

Barua hii na kifurushi anakuletea Mwanaidi, yule binti wa Kisauni anayefanya kazi hospitalini huku, anakuja likizo. Nakuomba sana usifungue kifurushi kabla ya kumaliza kusoma. Nakujua. Kama umeshakifungua, basi kifunge tena ujifanye hujaona kitu.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kila neno. Unakumbuka Ijumaa ile nilipokupigia nikasema mpe Bibi simu haraka, nikamwuliza Babu alikuwa akikasirishwa na nini? Mkadhani jua limenipanda kichwani. Sasa kaa vizuri nikueleze.

Kazi yangu unaijua, ni viyoyozi. Mwezi uliopita nilikuwa juu ya mapaa tu, vyuma vinaunguza hata ukivaa glavu, na ukishuka unasikia mwili mzima unachemka. Siku moja nikatumwa nyumba ya mzungu mmoja hapahapa Khuwair, anaitwa Bwana Brendan, mwalimu. Nilipomaliza akanipa chai, tena chai ya maziwa ya maana, siyo yale maji yao ya rangi. Tukaanza mazungumzo ya mpira. Huku kuna mashindano ya wageni, kila watu na nchi yao: Wasudani, Wamisri, Wahindi, na sisi wa Afrika Mashariki. Yeye ndiye kocha wa timu ya Ayalandi. Akanilalamikia kuwa kipa wao amerudi kwao na hawana mwingine. Nikamwambia mimi ni kipa, lakini kwenye timu yetu ni kipa wa tatu, yaani kazi yangu ni kubeba maji.

Akacheka, akaniuliza kwa utani kama kwetu hakuna mtu yeyote aliyetoka Ayalandi. Kwa sababu sheria yao wameichukua kwenye mpira mkubwa wa dunia: ikiwa baba, mama, babu au bibi yako amezaliwa nchi fulani, unaruhusiwa kuichezea. Na Ayalandi, anasema mwenyewe, wamepata wachezaji wengi sana kwa njia hiyo, maana watu wao wametawanyika kila pembe kutafuta maisha. Kama sisi tu.

Nikamwambia hapana, babu yangu mzaa mama alikuwa Mwingereza, fundi wa meli pale Kilindini, akasilimu akamwoa bibi yangu. Nikaendelea kusema, kwa kuchekesha tu, kwamba alikuwa Mwingereza wa ajabu, maana ukimwita Mwingereza alikuwa akipiga meza mpaka sahani zinaruka. Hadithi hiyo tumeicheka nyumbani miaka yote, au siyo? Bwana Brendan hakucheka. Aliweka kikombe chini akaniuliza pole pole, "Alipiga meza?"

Basi akashuku Babu alikuwa wa kwao, na wiki hiyohiyo jina langu likapelekwa kwenye kamati, kipa wa Ayalandi. Mama, balaa! Aliyepinga ni nani? Mwakio! Yule Mtaita ninayekaa naye chumba kimoja, ndiye nahodha wetu, na timu yetu ilikuwa ikutane na Ayalandi kwenye nusu fainali. Akasimama mbele ya kamati huku amenyoosha kidole.

"Huyu jamaa ni wa Mombasa, mimi namjua! Tunalala chumba moja, ananyoa ndevu kwa kioo yangu. Leo amekuwa mzungu saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaona aibu, sikufichi. Nikajiona mtoto wa shule aliyevaa viatu vya mwenzake.

Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Nassor, mzee wa Kiomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja, Kiswahili chake kitamu kama cha taarabu. Akaniuliza, "Kijana, nnataka shahidi. Huyo bibi yako yu hai?" Nikasema yu hai na ulimi wake u hai zaidi. "Basi mpigie."

Sasa ndiyo ujue, Mama, siku ile simu ilikuwa kwenye spika juu ya meza, na kamati nzima na timu mbili tumeizunguka. Ndiyo maana sikukuruhusu uanze habari za goti lako.

Unakumbuka Bibi alivyojibu? Kwanza akauliza, "Yuwataka nini huyu, mbona apiga kelele?" Kisha akasema, "Babuyo hakutaka kuitwa Mwingereza. Siku aitwayo hivyo hali chakula! Waingereza walimfunga babake jela, yeye akali mtoto. Alikuwa akitwambia, mimi nimezaliwa Ayalandi, mimi ni wa Ayalandi. Nasi twamwambia, haya bwana, Ayalandi si ni mtaa wa Uingereza? Kama Likoni ilivyo Mombasa? Ndipo apigapo meza!"

Bwana Nassor akawatafsiria Waayalandi neno kwa neno. Alipofika kwenye Likoni, Mama, wale watu walipiga kelele utafikiri wamefunga bao. Mmoja akashika kichwa, mwingine akapiga meza, pale pale, kwa ngumi, vikombe vikaruka. Na mimi nikamwona Babu. Sijawahi kumwona hata kwenye picha, lakini siku ile nilimwona.

Bwana Nassor akafunga mkutano. "Khalas. Mtu anayekasirika hivi kwa nchi, ni nchi yake wallahi. Kijana acheze." Mwakio mwenyewe akanipa mkono, ingawa njiani kurudi alinikatalia kioo.

Kisha Bwana Brendan akanikalisha akanieleza. Nikueleze na wewe, na hapa ndipo nataka usome taratibu. Ayalandi ni nchi kamili, ina bendera yake na rais wake. Na ilitawaliwa na Waingereza miaka mingi mno, kuliko sisi. Wakanyang'anywa ardhi, mambo yao yakapigwa marufuku, wakapigania uhuru wao kwa damu. Babu alizaliwa kwa watu waliotawaliwa, Mama.

Nimewaza sana juu yako tangu siku hiyo. Ulinihadithia mara moja tu, ukiwa unanishonea kofia, jinsi watoto wenzako walivyokuwa wakikufuata njiani baada ya uhuru wakikuita mkoloni, kwa ajili ya macho yako na nywele zako. Na Bi Tatu wa nyumba ya pili mpaka leo akipita mlangoni hukuita Mwingereza, anadhani ni utani mtamu. Wewe huinamisha uso unaendelea kukuna nazi. Nimekuona ukifanya hivyo maisha yangu yote na sikujua niseme nini. Ilikuwa ikiniuma.

Haya, mechi. Timu nzima ya Afrika Mashariki na mashabiki wao walinijia juu. Nilipoingia golini wakaanza kuimba, "Mkoloni! Mkoloni!" Wapishi, madereva, walinzi, watu niliokula nao daku. Beki wangu, kijana mwekundu kama pilipili kwa jua, akanigeukia akauliza wanasema nini. Nikamtafsiria. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, na Mwakio akapiga mpira ukapita katikati yetu wote wawili ukaingia. Bao la kwanza hilo. Kocha alinitazama kwa jicho baya.

Lakini tulisawazisha, tukafungwa tena, tukasawazisha tena, tukaenda kwenye penalti. Ningependa kukuambia niliruka nikazuia. Sikuzuia hata moja! Nilikuwa naruka kulia mpira unakwenda kushoto. Penalti ya mwisho alipiga Mwakio, akaupeleka juu kabisa ukatua kwenye boneti ya gari lake mwenyewe. Tukashinda hivyo. Fainali Wasudani walitufunga manne, hiyo tuiache.

Baada ya fainali, timu zote mbili, sisi Waayalandi na wao Waswahili, tulikwenda Qantab kwa wavuvi, tukanunua samaki tukawachoma ufukweni. Bwana Nassor akaja na mkewe na sufuria la wali wa nazi. Waayalandi wakaimba nyimbo zao, ndefu na za huzuni, na huku wanacheka. Bibi angewapenda. Mwakio akala samaki watatu akasema amenisamehe.

Bado neno moja. Wale wachezaji wanaoingia Ayalandi kwa njia ya babu au bibi, timu yao ina desturi: mgongoni mwa jezi huandikwa jina la mzee aliyekuletea haki hiyo. Bwana Brendan akaniuliza jina la Babu. Nikafikiri. Babu sikumjua, na haki yake haikunifikia peke yake. Kuna mtu aliyeibeba mgongoni tangu utotoni akitukanwa kwayo. Nikamwambia aandike ZUHURA. Siku ya fainali, uwanja mzima, Mwakio na wenzake wakiwa wa kwanza, walikuwa wakiita, "Zuhura! Zuhura!" kila nikigusa mpira. Jina lako, Mama, Maskati nzima.

Nisalimie Bibi, shahidi wangu, umwambie wapo wazee wa kizungu wanamwulizia hali. Msalimie dada yangu Fatuma na mumewe fundi seremala, na mjomba Athumani imamu wetu, na mwalimu wangu wa chuo. Msalimie na Bi Tatu pia.

Sasa fungua kifurushi. Ile jezi yangu ya ukipa ni ya njano na imechanika. Hii ya kijani wameishona kwa ajili yako, wachezaji wote wametia saini, na jina utaliona. Ivae juu ya dera ukae nayo barazani. Na Bi Tatu akipita akakuita Mwingereza, usiinamishe uso tena.

Piga meza, Mama.

Mwanao akupendaye,
Khamisi wa Zuhura,
kipa wa Ayalandi.