Maneno ya A, E, I, O, U

Jumatatu, 2 Februari

Nimechoka. Kwa Mama Ciru leo karai nne za nguo, na shuka za wageni juu yake. Kutoka Kawangware hadi hapa Kianda, Kibera, kwa miguu, nimefika nimelegea kama kamba.

Lakini nimecheka! Mumbua wangu amekuja na shindano kutoka shule. Mwalimu Murunga anataka maneno marefu ya Kiingereza yaliyo na a, e, i, o, u. Zote tano, na kila moja mara moja tu. Ukirudia herufi, neno limekufa. Halafu useme maana kwa Kiswahili chako mwenyewe, si cha kamusi, na utoe mfano wa nyumbani.

Akaanza na "education". Nikahesabu kwa vidole. Kweli kabisa! Nilikaa shule miaka nane na hakuna mtu aliwahi kunionyesha hiyo.

Maana?

"Ni ile kitu mama anasema nikikosa nitafulia watu nguo."

Nilikohoa. Nikamwambia aandike "elimu" na alale.

Jumatano, 4 Februari

Hayo maneno yako kila mahali! Fundi anapaka ploti ya Mama Ciru rangi, na mkebe umeandikwa "house paint". Herufi ziko zote tano. Jikoni nikapata "cauliflower" — ile mboga inakaa kama kabichi iliyoota mvi. Nikaandika mkononi na biro. Povu likala nusu, nikarudi na "cauli".

Mama Ciru akaona. Kamene, unajiandika nini? Nikasema ni jina la dawa.

Uongo mdogo, umekalia ule mkubwa. Hata hapa kwa daftari sijawahi kuuandika, wacha leo niuandike. Miaka mitatu iliyopita nilisimama kwa geti lake tangu asubuhi, nikiwa nimefukuzwa mageti mawili. Swali lake la kwanza: uko na mtoto? Mama fua aliyekuwa hapo mbele yangu, kila wiki mtoto ana homa, haji kazi. Nikasema sina. Mumbua alikuwa na miaka sita, nimemwacha kwa Mama Alvin wa mlango wa pili.

"Sasa nitakuita mama nani?" akauliza.

Niite Kamene tu.

Huku Kianda hakuna anayejua hilo jina. Hata muuza maji. Mimi ni Mama Mumbua, imetosha. Kawangware ndio Kamene. Navua jina moja njiani navaa lingine.

Na ubaya ni kwamba Mama Ciru si mtu mbaya! Ananiombea nipate mtoto. Yeye na akina mama wa kanisa lao wanafunga kila Jumatano kwa ajili yangu. Leo ni Jumatano. Amenipa chapati mbili, na yeye mwenyewe hajala tangu jana. 

Jumamosi, 7 Februari

Mazoezi mlangoni, mimi nikichambua sukuma. Mama Alvin amekuja na kiti chake, hakuna aliyemwita.

Mwalimu amewapa "uncomplimentary". Herufi kumi na tano! Maneno yasiyomsifu mtu. Mumbua akatoa mfano: ni vile Mama Alvin anasema juu ya bwanake akirudi.

"Wee! Mimi nasema ukweli," Mama Alvin akalia. "Ukweli pia uko na a, e, i, o, u?"

"Hauna o, Auntie. Na a pia."

"Ona sasa. Hata ukweli umepunguka."

"Precaution" — kuweka sufuria sakafuni kabla mvua ipate lile tundu la paa. Hiyo ni yangu, lakini amesema ataitumia. Sawa, atumie.

Jumanne, 10 Februari

"Exhaustion". Maana: leo. Mfano: mimi.

Ijumaa, 13 Februari

Mumbua ameingia watano bora! Alikimbia kutoka shule kiatu kimoja mkononi. Nimembeba nikamzungusha mpaka tukagonga jiko.

Halafu nikasoma barua. Fainali ni Jumamosi tarehe 21, ukumbi wa kanisa, Kawangware. Ndiyo. Kanisa la Mama Ciru. Chai ni ya akina mama wa kanisa, na mwenyekiti wao ndiye atapeana zawadi. Mwenyekiti wao ni nani? Mama Ciru!

Tena mzazi lazima asimame mbele na mtoto, ashike kadi ya neno juu watu waone.

Nimeenda kumuuliza Mwalimu Murunga kama shangazi anaweza kushika. Akanitazama juu ya miwani. Mama Mumbua, kwani siku hiyo uko wapi? Hata wenye vibanda wamesema watafunga biashara waje.

Nikasema nitaangalia.

Jumapili, 15 Februari

Mpango uko. Mama Alvin atasimama kama mamake Mumbua. Mwalimu nitamwambia niko kazini, jirani ananishikia kadi.

"Nimezaa wanne, wa tano si mzigo," akasema. "Lakini mimi na huyu hatufanani hata kivuli. Na ujue sipendi hii kitu."

Sipendi pia. Lakini nguo za Mama Ciru ndizo unga, ndizo hii nyumba, ndizo hiyo shule yenyewe. Babake Mumbua alienda Mombasa kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Mwezi jana Mama Ciru alifukuza mlinzi. Si kwa wizi. Alisema amelala kwa mjomba, kumbe alikuwa harusini. Maneno ya Mama Ciru nayakumbuka: wa kuniibia naweza kusamehe, wa kunidanganya hapana.

Nilimkalisha Mumbua. Siku hiyo ukiniona, mimi ni Auntie. Sikucheka, sikubembeleza. Akauliza, siku moja tu? Nikasema moja tu. Akaitikia sawa.

Jioni anaosha vyombo nikamsikia: "Auntie, sabuni imeisha."

Nikamwambia anyamaze. Nilipiga kelele kabisa. Akasema, "Lakini nilikuwa nafanya mazoezi."

Nimemsuka nywele upya bila sababu.

Jumatano, 18 Februari

Mama Ciru, na tumbo lake tupu la kufunga: Kamene, Jumamosi njoo unisaidie chai kanisani. Kuna watoto wanatoka Kibera, werevu sana. Ukiwaona utapata imani.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Jumamosi, 21 Februari

Niko nyuma ya ukumbi, nimekalia kreti kando ya tangi la maji. Naandika haraka. Dakika kumi za chai.

Asubuhi ilienda vizuri, vizuri ya kutisha. Mumbua alipita meza ya chai. "Hello, Auntie." Mkono akanipa na heshima zote. Mama Ciru akafurahi: ona adabu! Huyu mamake ni nani? Mama Alvin akainua mkono safu ya tatu, amejifunga leso yangu ya Jumapili.

Wanne wakapita. Msichana wa mtaa wa Sarang'ombe alichambua "reputation" — vile watu wanakusema ukiwa hauko — ukumbi ukapiga makofi. Mama yake alishika kadi juu kama amebeba kombe la mpira.

Halafu Mumbua. Kadi ikageuzwa: "favourite". Rahisi! Nilitaka kuruka. Akaanza kwa sauti yake ile wazi:

"Favourite ni yule unapenda kushinda wote. Mfano wa nyumbani, ni..."

 Akamwangalia Mama Alvin. Akaangalia kadi. Akaangalia huku nyuma, kwangu kwenye birika. Akafunga mdomo.

Mwalimu akangoja. Ukumbi wote ukangoja. Mtoto ana jibu! Anakataa kulitoa kwa sababu mimi nilimwambia.  Mwalimu akasema basi, tunywe chai, atarudia.

Mama Ciru ametia sukari vijiko viwili, ameniwekea kikombe mkononi. Maskini ameogopa, mpelekee. Wewe Kamene una roho ya mama, mbembeleze kidogo.

Alinishika bega aliposema hivyo.

Kikombe kiko hapa kwa kreti. Kinapoa.

Mama Alvin amekuja. Amefungua leso kiunoni mwake, ameikunja mara mbili, ameniwekea magotini. Amerudi ndani. 

Mwalimu Murunga ameshika maikrofoni. Mumbua arudi mbele. Mama yake pia, tafadhali.

Mwalimu anaita tena. Mama Mumbua, uko wapi?

Nimejifunga leso. Chai nitabeba na mkono wa kushoto, wa kulia ubaki wazi kwa kadi. Mama Ciru amesimama mlangoni ananiita kwa lile jina lingine, Kamene, Kamene, mtoto anangoja —