Bawabu Aliyetaka Kuzikwa

Jumatano, 8 Januari. Riyadh

Kahawa. Dawa ya presha. Kisha kitandani, simu juu ya mto inanirekodi, nafanya mazoezi ya kufa. Kope zinanisaliti. Miaka sitini na bado kufa sijui.

Nimecheza bawabu maisha yangu yote. Dereva pia, na mmimina kahawa wa tajiri. Tangu tamthilia za televisheni, kabla nchi hii haijafungua sinema. Mtu mweusi hapa anapewa geti alifungue. Lakini hakuna aliyewahi kuniua. Hadithi ikifika katikati bawabu anatoweka, na hakuna anayeuliza kaenda wapi.

Safari hii mswada nimeuandika mimi pamoja na mwongozaji. Bawabu ana jina, Salim. Anakufa. Anaoshwa, anavishwa sanda, analiliwa. Nataka kuliliwa, basi.

Jumamosi, 11 Januari

Zuwena kaukuta mswada juu ya friji. Mke wangu hasomi kazi zangu. Leo kasoma.

"Sanda, Nassor? Huu uchuro! Kwetu Pemba mtu hajilazi kwenye sanda kwa mchezo."

Kwao Pemba, ambako hajawahi kutia mguu. Wazee wetu walihama baada ya mapinduzi, sisi tumezaliwa Jeddah. Miiko ilikuja na mizigo. Kasema nikivaa sanda, mimi na yeye halas.

Nimekasirika mno. Miaka yote ananiona nafungua mageti ya uongo, hajasema neno. Leo nimepata kifo changu, ndiyo anaona vibaya.

Jumamosi, 18 Januari. Jeddah

Tunarekodi kwenye nyumba ya zamani, ngazi nyembamba, magoti yanalia. Faisal, mwongozaji, angeweza kuwa mwanangu. Ananiita ammi, baba mdogo, na kunibusu kichwani kila asubuhi. Nimefungua geti kutwa nzima.

Zuwena hapokei simu. Nimepiga tena na tena, kisha nikaacha. Na mimi nina kiburi changu.

Kesho kutwa maziko. Nimefikiria kumwomba Faisal akifute kile kipande cha sanda. Nikafikiria na yale mageti. Hapana.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekufa.

Karafumaiti ya kweli, Faisal hataki uongo. Sanda ilipofika shingoni nikapiga shahada kimoyomoyo. Tahadhari tu.

Anayenililia ni Achieng, Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani kwao Faisal, mtaa wa Al-Malqa, Riyadh. Anacheza mtumishi. Hajawahi kusimama mbele ya kamera. Mswada unamtaka ataje jina langu mara moja. Kalitaja kwa Kiarabu chake cha jikoni, akalirudia, kisha akahamia lugha ya kwao, na chozi likaniangukia shavuni. Kamera ilizimwa, bado analia.

"Pole mzee," akaniambia baadaye. "Babangu walimzika nikiwa huku. Ikama yangu ya kukaa huku ilikuwa imeexpire, singetoka. Leo ndio nimemlilia."

Nilimwombea baba yake.

Jumatano, 22 Januari. Riyadh

Nimerudi. Zuwena kafungua mlango, kanitazama kuanzia utosi mpaka kandambili. Kaingia jikoni, katoka na chetezo, kaifukiza nyumba nzima ubani, na mimi ndani yake. Nilikohoa. Maiti hakohoi; naona hilo lilimpa moyo, maana alinipakulia chakula.

Neno sanda hatulitaji. Filamu ikitoka nitampeleka. Ataona mumewe analiliwa, ataelewa.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya filamu. Nimevaa suti. Zuwena kakubali kuja kwa sharti moja: kipande cha sanda atafumba macho.

Filamu nzuri, nisiseme uongo. Salim kafungua geti. Salim kakohoa. Zuwena akafumba macho. Nikangoja. Ikaja harusi ya binti wa tajiri, ngoma, watu wanacheka. Kisha majina yakaanza kupanda.

"Tayari?" Zuwena akaniuliza, macho bado kafumba.

Ilibidi nimwambie kuwa hakuna. Hakuna kuoshwa, hakuna sanda, hakuna Achieng. Salim katoweka kama mabawabu wote.

Faisal kanifuata mlangoni. Filamu ilikuwa ndefu, ammi, ilibidi tukate. Macho yake mekundu. Simchukii, lakini nimeumia vibaya sana. Achieng sikuthubutu kumtafuta.

Ndani ya gari Zuwena akalipuka. "Mtu anakohoa, halafu basi? Wamekutupa wapi? Hata kukuzika hawakukuzika?" Hivyo hivyo mpaka mtaani kwetu, Al-Suwaidi. Nilishika usukani.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimetoka msikitini. Chai ya maziwa, mkate wa ufuta. Madirisha wazi, hewa imeanza kupoa.

Zuwena kaniletea mswada mwenyewe. Kakaa, kajifunika mtandio vizuri. Kasema nimsomee. Nikamuuliza kipande gani. Kasema najua kipande gani.

Nikasoma polepole. Maji, pamba, sanda. Mtumishi anamwita Salim na Salim haitiki. Wanaume wanne wanamshusha kwenye zile ngazi nyembamba, na geti, kwa mara ya kwanza, anafunguliwa yeye.

Nilipoinua macho Zuwena alikuwa analia. Alilia kwa sauti, mtandio mdomoni, chai ikapoa. Sikumnyamazisha.