Kisu Kibaki Kimoja

Alhamisi, 24 Novemba 1994
Gulio. Karoti za Lukozi zimekuja na matope. Tumeziosha mimi na mdogo wangu, Mama Eliya, mpaka vidole vikafa ganzi. Saa nne yule mhubiri akafunga kipaza sauti kwenye nguzo nyuma ya meza yetu. Betri ya gari kaiweka kando ya kabichi zangu. Hakuomba. Mteja akiuliza bei namwonyesha kwa vidole.

Nilimfundisha darasa la tatu huyu Yona, kabla sijapunguzwa kazi. Leo hakuniamkia. Kaniuliza kama nimeokoka.

Jumapili, 27 Novemba
Nimefua. Kichwa bado kinavuma.

Alhamisi, 1 Desemba
Tena. Leo kaja hadi mezani na kipaza sauti mkononi. "Mama, ukifa leo utakwenda wapi?" Soko zima likasubiri. Nikamjibu, "Lukozi. Baba yangu kazikwa huko." Watu wakacheka. Mama Eliya hakucheka, na hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani.

Alhamisi, 8 Desemba
Vijana wa msikitini kwetu nao wameleta kipaza sauti chao, upande wa stendi. Sasa tunapigiwa huku na huku. Mmoja, kanzu imenyooka kwa pasi, kaniuliza vipi Mwislamu mzima nauza meza moja na kafiri. Nikamwambia huyu tumenyonya ziwa moja. Akasema dini haiangalii hayo. Yeye angalau alianza na shikamoo.

Nimewachukia wote wawili. Nimechoka kuokolewa.

Jumanne, 13 Desemba
Mama Eliya anakwenda kwenye maombi ya Yona. Ulutheri wake wa miaka ishirini haumtoshi tena. Nimeambiwa na jirani, si yeye.

Alhamisi, 15 Desemba
Yona kaniwekea mkono kichwani, juu ya ushungi, mbele za watu, anakemea mapepo. Mikononi nina mizani. Nikamtazama mdogo wangu. Akainamia karoti.

Kisha akahubiri nyama. Aliyeokoka asile kilichochinjwa na Mwislamu, eti ni sadaka ya sanamu. Hapo ndipo nilipoogopa. Kila Krismasi Mama Eliya huleta jogoo hapa kwangu, mume wangu anamchinja, tunakula wote. Baba ndiye aliyeamua, mwaka ule Mama Eliya alipotaka kuolewa na Mlutheri. Abatizwe akitaka, alisema, lakini kisu kibaki kimoja. Ugomvi ukaisha siku hiyo hiyo. Sasa Baba hayupo, na Yona ana betri.

Jumatano, 21 Desemba
Mume wangu kanoa kisu. Hajui lolote. Sikumwambia.

Alhamisi, 22 Desemba
Tumeuza vizuri, hatukuongea. Mara tatu nilitaka kumuuliza kuhusu jogoo. Mwalimu mzima, naogopa jibu la mdogo wangu.

Ijumaa, 23 Desemba
Mvua.

Jumapili, 25 Desemba
Ilipofika saa saba nilishakata tamaa. Nikachemsha chai ya watu wawili.

Saa nane kasoro robo akabisha hodi, kalowa, katoka kanisani kwao Walutheri. Akamwamkia shemeji yake. Mkononi hakuna jogoo. Kabeba kikapu cha ndizi mbichi na maharage. Mume wangu akakitazama kikapu, akanitazama mimi, akamvutia kigoda. Namshukuru kwa hilo.

"Dada," akasema, "nimeleta cha kula wote."

Iliniuma. Nisiseme uongo humu, iliniuma sana. Lakini alikuwa kapanda kilima chote kile kwenye utelezi. Nikabandika maharage. Akatafuta kitu cha kumenyea, akakiona kile kisu juu ya kabati, akakichukua mwenyewe. Nikamwacha.

Tulikula sinia moja. Nyama hakuna aliyeitaja. Alhamisi tutauza kabichi, karoti zilizobaki shambani hazijakomaa.

Kisu nimekiosha. Kina utomvu wa ndizi, hautoki upesi.