Bunduki ya Mzee wa Chemba

Mjukuu wangu Nyemo,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako hajambo, ameanza kupalilia uwele. Unauliza ufanyeje na yule mwanafunzi wako, maana kila ukimkemea anazidi kunyamaza.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi wa bunduki mtaani Kikuyu, hapa Dodoma, kijana mwenye majivuno. Mzee mmoja akaja kwa miguu kutoka Chemba na bunduki yake kuukuu. Fisi walikuwa wanamaliza ndama wake. Kile chuma kidogo cha kulengea, kwenye ncha ya mtutu, kilikuwa kimepinda, akataka nikitoe niweke kingine. Nikakipiga nyundo kwa ubavuni asubuhi nzima. Hakikusogea. Mzee alikaa kimya akinusa ugoro. Nilipochoka nikamuuliza kwa hasira nani alikiweka.

“Mimi,” akasema. “Nilikiingizia upande huo huo unaopiga. Mwanangu, asubuhi yote unakikaza.”

“Mbona hukusema?”

“Hukuuliza.”

Nikageuza mtutu. Kilitoka kwa mapigo mawili.

Sijui kama hili litakufaa darasani. Ila hadi leo, mtu akininyamazia, mimi huangalia kwanza nyundo yangu iko upande gani.

Babu yako