Shangazi, Waandikie Kwamba Hunidai

Chumba cha kona, ua wa geti la buluu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, tena ya kupiga goti, maana leo nimekuja na shida. Lakini kwanza, hujambo? Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi? Na yule bibi unayemuuguza, ameacha kukusingizia kwamba unamfichia miwani? Mwambie namsalimu, na miwani aitafute kichwani.

Sisi huku wazima. Mkweo Barafu anakohoa kidogo, si unajua tena, mtu anayeshinda kichwa ndani ya mafriji ya watu. Kifungua mimba wangu ameng'oka meno ya mbele na bado anamchekea kila mtu, hana haya hata kidogo. Amekurithi wewe. Mdogo wake anakula na kulala, hana habari na dunia. Mimi bado nasuka saluni ileile, vidole vinauma lakini mkono unakwenda kinywani.

Sasa wacha nikwambie. Mwenye nyumba wetu anaozesha mwanawe, na chumba chetu ndicho anachotaka kuwapa maharusi. Hatukugombana. Alikuja mwenyewe, akakaa, akakataa chai, nami nikajua hapa hakuna heri. Tunatakiwa tuwe tumetoka mwezi ujao ukiisha.

Kwa bahati ile nyumba niliyokusimulia kwenye simu bado ipo. Vyumba viwili, sebule ya kutosha kugeuka, na jiko la ndani, Shangazi! Siku ya kuiona nilifungua bomba la sinki nikalifunga, nikalifungua tena, hadi dalali akaniuliza kama nina kiu. Nikamwambia ndiyo, ya miaka mingi.

Tumeomba kupitia ule mpango wa kuwasaidia wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Benki inakukopesha kwa riba ndogo, na mpango wenyewe unakuchangia nusu ya malipo ya awali, nusu nyingine utafute mwenyewe. Ila masharti yake, uwii! Uthibitishe kipato, na msusi analipwa mkononi, atathibitisha na nini? Hapo nikakukumbuka ulivyonigombeza kwamba kila Jumatatu nipeleke benki nilichopata, hata kama ni kidogo cha kutia aibu. Nilikuwa nanuna, lakini nilipeleka. Haba na haba imejaza kibaba, na kipato kimekubaliwa.

Sharti jingine, uwe hujawahi kumiliki nyumba. Barafu alipoulizwa akajibu kwa fahari kwamba anayo, ameijenga kwa mikono yake. Nusura nizimie. Kumbe anasema nyumba ya njiwa wake! Tukaenda pia kwenye darasa lao la wanunuzi wapya, tukafundishwa bima na kodi na nani anaziba paa likivuja. Barafu alisinzia, mimi nikamfinya, tukafaulu wote wawili.

Nikajua tumemaliza. Ikabaki afisa wa mikopo, binti mmoja mpole mwenye miwani mikubwa kuliko uso, kupitia fedha zetu. Akafika kwenye zile ulizotutumia wewe za kujazia malipo ya awali. Akanitazama, akanisomea ulichoandika siku ya kutuma: "Mkopo. Utalipa ukikua." Akaniuliza huyu anayenidai ni nani.

Nilicheka, Shangazi, nikacheka mpaka walinzi wakageuka. Nikaanza kumweleza ukoo wetu. Kwamba Bibi, mama yako, hakuwahi kumpa mtu kitu maishani mwake. Mtoto wa jirani akipita na njaa, hakumwita aje ale. Alimwita aje akopeshwe sahani. Eti mtu akipewa huinamisha kichwa, akikopeshwa hutembea kifua mbele. Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini kwa Bibi hayo matanga hayakufika, kwa sababu hakudai. Nikamweleza na wewe, ulivyonichukua Mama alipofariki, ukanikopesha viatu, ukanikopesha ada, ukanikopesha hata kitanda chako ukalala chini. Kila nikikuuliza nitalipa lini, jibu ni hilohilo, utalipa ukikua. Nina watoto wawili sasa na inaonekana bado sijakua.

Binti wa watu alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akanipa pole, na kicheko kikanikauka. Kwao malipo ya awali yanaweza kuwa akiba yako au zawadi ya ndugu. Yakiwa mkopo, ni deni, na deni hilo likijumlishwa kipato chetu hakitoshi. Sisi tunatolewa kwenye mpango, na kuna mtu na mkewe wameshakuja kupima madirisha ya ile nyumba.

Amenionyesha njia, Mungu ambariki. Unatakiwa uandike barua yenye sahihi yako, useme fedha hizo ni zawadi, hunidai na hutanidai. Iwafikie kabla mwezi huu haujaisha.

Barafu anasema ni maneno mawili tu, nilie nini? Maana nililia, nisikufiche. Nilirudi nyumbani nikajifanya namenya vitunguu. Unajua nimeona nini? Tangu uondoke hunipi siku ya kurudi, ni mwaka kesho, mwaka kesho. Nilipojifungua wa kwanza, mwaka kesho. Wa pili, mwaka kesho. Nami kila nikivunjika moyo najiambia, atakuja tu, hajanidai bado. Mtu hasahau njia ya kwa mdaiwa wake. Sasa nikuombe mwenyewe, kwa mdomo wangu, uandike kwamba hunidai kitu? Ulimi ulikuwa mzito, ndiyo maana nimekuandikia badala ya kupiga simu.

Lakini nimeshakaa nikafikiri. Waandikie, Shangazi. Waandikie zawadi, kwa herufi kubwa, na nitaipokea kichwa kimeinama, Bibi anisamehe huko aliko. Wala hutakuwa umesema uongo. Wao wanauliza habari ya fedha, na ya fedha kweli hunidai.

Ya viatu na kitanda hawakuuliza. Hayo nayajua mimi na wewe. Vyumba ni viwili, nimekwambia. Kimoja chetu na watoto, tumezoea kubanana. Kile kingine kina dirisha linaloingiza jua la asubuhi, zuri kwa goti, na kitanda chake Barafu ameshaanza kukiranda. Nimekua sasa, Shangazi. Njoo udai.

Nisalimie yule bibi wa miwani, na binamu yangu dereva akikupitia. Barafu na njiwa wake wanakusalimu, kibogoyo wangu anakubusu, mdogo wake amepiga chafya, ihesabu kuwa salamu. Mungu akulinde na hiyo baridi, akulainishie goti, akuoneshe njia ya nyumbani ungali na nguvu za kunigombeza.

Ni mimi mdaiwa wako akupendaye,
Mwanao Msusi