Nassor Hufuta Kabla ya Karibu

Jumanne usiku

Na leo tena. Nimepiga hodi chumbani kwa Nassor, mwenzangu wa kompyuta pale ofisini Mlandege, na kabla hajaniitikia nikasikia vitufe vikigongwa haraka. Ndipo akasema, "Karibu, Maryam." Lile dirisha jeusi la kwenye kompyuta yake, analoandikia amri, lilikuwa tupu, halina hata neno moja.

Wiki nzima ni hivyo. Mtu asiye na jambo anafuta nini kila akisikia hodi? Au ni mie tu...

Adhuhuri alipokwenda kuswali aliiacha kompyuta wazi. Nikaingia bila hodi. Mama angejua, angenisema mpaka kesho. Dirisha lilikuwa tupu, lakini kufuta kule huondoa maneno machoni tu. Nikapandisha juu, yakarudi.

Yalikuwa yangu. Kila nilichoandika asubuhi kwenye mashine yangu kilikuwapo, mstari kwa mstari, hata vile nilivyovifuta.

Nikalisafisha dirisha lake kama nilivyolikuta, nikatoka.

Alasiri akaja mlangoni kwangu. "Hodi, Maryam."

Nikafuta kwanza, ndipo nikasema karibu. Na huku najua kwake yamebaki.