Ndoo ya Niyomwungere

Loyce, sikia yaliyonipata leo.

Unakumbuka marehemu Niyomwungere alivyokuwa analimwagia maji ya kulipoza bomba la gesi hapa depo, jua likiwaka? Gesi ikichemka humo, pampu inavuta mvuke, inanguruma kama inatafuna kokoto. Siku ile pampu ilipasuka akiwa anakuja na ndoo, ikamuua.

Sasa wameinua tangi, gesi inashuka yenyewe hadi kwenye pampu bila kuchemka. Leo nimewasha pampu kupakia gari la Kibondo. Kimya.

Kimya, Loyce, haingurumi tena!

Nikashtukia nimeshika ndoo yake, nalimwagia bomba. Fundi mgeni akacheka: “Hilo halihitaji maji tena. Unammwagia nani?”

Unammwagia nani!

Kezia, mjane wa Niyomwungere anayetupikia, akatua sufuria. “Mwache. Mimi mpaka leo namtengea chakula.”